Fidia ya moshi wa dizeli: gari langu limehamia Nairobi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kwamba sisi wenye magari ya dizeli huku Uingereza, tunaodai fidia kwa kampuni zinazoshitakiwa kuficha uchafu wa moshi wa magari hayo, tunatafuta pesa za bure. Maneno hayo nimeyasikia harusini, nimeyasikia msikitini tukingoja kufuturu, na wiki iliyopita kaka yangu mwenyewe kanipigia simu kutoka Mombasa akaniuliza: "Gari umelitumia miaka saba, likakupeleka na kukurudisha. Unadai nini tena?" Sikumjibu pale pale. Gari lenyewe analo mwanawe.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na nimeishi Birmingham tangu 2003. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia uji na kuwabadilishia mashuka. Kwa siku napita nyumba sita au saba, na bila gari kazi hiyo haiendi. Mwaka 2014 nikanunua gari la dizeli. Kampuni iliyoliunda sitaitaja, maana ni miongoni mwa zile zilizoshitakiwa katika Mahakama Kuu ya London na zote zimekanusha. Hilo ni la jaji kuamua.

Kwa nini dizeli? Kwa sababu tuliambiwa ndiyo safi. Tangu 2001 kodi ya barabara hapa ilikuwa inapimwa kwa wingi wa kaboni dioksidi inayotoka kwenye bomba la moshi, na dizeli hutoa kidogo kuliko petroli kwa mwendo ule ule. Gari langu nililipia paundi 30 kwa mwaka. Jirani yangu wa petroli alikuwa analipa zaidi ya 140. Muuzaji alinipa kijitabu chenye picha ya jani bichi la kijani mbele, na ndani yake nyasi na mbingu ya samawati. Bado ninacho, kwenye droo, pamoja na risiti. Nilinunua nikiamini nimefanya jambo jema, si la kuokoa pesa tu.

Sasa nataka niwaeleze jambo ambalo haliniondoki moyoni. Kulikuwa na bibi mmoja niliyekuwa nikianza naye alfajiri. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, anapumua kwa mtungi wa oksijeni, kimpira kimepita puani na kuzungushwa nyuma ya masikio. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha la mbele, na yeye alitaka dirisha liachwe wazi kidogo, hata wakati wa baridi, kwa sababu chumba kikifungwa alijiona anazama. Asubuhi za barafu nilikuwa natoka dakika tano kabla ya kumaliza, nawasha gari ili kioo kiyeyuke, kisha narudi ndani kumfunga vifungo vya sweta na kumsogezea chai. Gari linanguruma chini ya dirisha lake. Mimi namfunga kifungo cha juu, yeye anavuta pumzi. Nimefanya hivyo baridi mbili nzima. Sikuona moshi, nikadhani hakuna kitu.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanasema: mbona bomba la gari langu halitoi weusi? Weusi ni masizi. Kilichofichwa katika kashfa hii ni hewa ambayo jicho halioni, oksidi za naitrojeni, zinazochoma njia ya pumzi na kuamsha pumu. Mwaka 2013 mtoto wa miaka tisa, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu. Alikuwa akiishi karibu na barabara kubwa kusini mashariki mwa London. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Sisemi ni gari fulani lililomuua. Nasema hewa hii si hadithi ya mawakili.

Kashfa yenyewe ilifumuka tarehe 18 Septemba 2015, shirika la mazingira la Marekani lilipoituhumu Volkswagen hadharani. Waliogundua walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Walipakia mitambo yao ya kupimia nyuma ya gari wakaendesha barabarani, safari moja kutoka Los Angeles hadi Seattle, na vipimo vya njiani havikufanana hata kidogo na vya maabara. Ndani ya kompyuta ya gari kulikuwa na programu inayojua linapopimwa. Kwenye mashine ya kupimia magurudumu yanazunguka lakini usukani hautikisiki. Programu ikiona hivyo inawasha usafishaji wote. Gari likitoka nje, usafishaji unapunguzwa. Ni kama mtoto anayeshika ufagio akisikia hatua za mama mlangoni. Barabarani baadhi ya magari hayo yalitoa hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri kwamba magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo, na milioni 1.2 kati yake yalikuwa hapa Uingereza.

Kaka yangu ananiuliza nadai nini. Basi atazame waliolipwa. Marekani, mkataba ulioidhinishwa Oktoba 2016 na jaji Charles Breyer wa San Francisco ulimpa mwenye gari hiari ya kulirudisha na kulipwa thamani lililokuwa nayo kabla ya kashfa, na juu yake fidia iliyoanzia dola 5,100. Ujerumani, mstaafu mmoja aliyenunua Volkswagen aina ya Sharan kwa yuro 31,490 mwaka 2014 alipanda ngazi zote za mahakama, na Mei 2020 akapewa haki ya kulirudisha gari na kulipwa zaidi ya yuro 25,000, wakimkata kwa kilomita alizoliendesha. Hapa Uingereza tulingoja mpaka Mei 2022. Watu wapatao 91,000 waligawana paundi milioni 193, wastani wa zaidi kidogo ya 2,000 kwa mtu, na kampuni haikukiri kosa katika makubaliano hayo. Kosa moja, programu ile ile, bei tatu.

Lakini fedha siyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika mkataba wa Marekani kuna sehemu mbili ambazo ningetaka kila msomaji wako azijue. Ya kwanza: mbali na pesa za wenye magari, kampuni ilitoa dola bilioni 2.7 kwa ajili ya hewa yenyewe, na majimbo yakazitumia kwa mambo kama kubadilisha mabasi ya zamani ya shule yanayotumia dizeli. Yaani walikumbukwa hata wasio na gari, waliokuwa wakipita kwa miguu. Ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Gari lililorudishwa halikuruhusiwa kuuzwa tena wala kusafirishwa nje ya nchi mpaka lirekebishwe kwa namna iliyokubaliwa na serikali. Lile la kutupwa lilitakiwa kung'olewa kompyuta, kukatwa fremu na kutobolewa tundu la inchi 3 kwenye bloku ya injini, lisije likafufuliwa na mtu. Waliufunga mlango wa bandari.

Mimi mlango huo niliukuta wazi, nikapita.

Juni 2021 Birmingham ilianza kutoza paundi 8 kwa siku kila gari la dizeli la zamani linaloingia katikati ya mji. Baadhi ya wazee wangu walikuwa huko huko. Paundi 8 kwa mtu wa mshahara wangu ni zaidi ya nusu saa ya kazi, kila siku, kabla sijamwosha mtu uso. Nikaona nibadilishe. Na kwa kuwa mpwa wangu, mtoto wa kaka, alikuwa Nairobi akihangaika na matatu na mtoto mchanga, nikasema badala ya kulitupa kwa bei ya chuma nimpelekee. Lilikuwa halijafika miaka minane, kwa hiyo sheria ya Kenya ililiruhusu. Mkaguzi alitazama taa, breki, matairi na kutu chini ya milango. Alikuwa mtu makini na alifanya alichoagizwa. Kuhusu programu inayotawala hewa inayotoka hakuwa na swali, kwa maana fomu yake haikuwa na mstari huo. Gari likapandishwa meli Southampton.

Lilipofika, mpwa wangu alinitumia video. Kaliosha hadi matairi, mkewe kakaa mbele na mtoto mapajani. "Shikamoo shangazi, mgeni wako amefika salama." Nililia kwa furaha, siwezi kuficha.

Mwaka uliofuata, 14 Julai 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa hukumu kuhusu magari ya Volkswagen yaliyokwisha kuwekewa programu mpya, yaani yale yaliyosemekana yametengenezwa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Ikaonekana kwamba usafishaji katika magari hayo ulifanya kazi kikamilifu pale tu joto la nje lilipokuwa kati ya nyuzi 15 na 33, na gari likiwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahakama ikasema huo nao ni ujanja uliokatazwa.

Mita 1,000. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600. Eldoret imepita 2,000. Arusha, Kampala na Kigali zote ziko juu ya mstari huo. Gari la namna hiyo likipandishwa kutoka Mombasa, linaacha kusafisha kikamilifu kabla ya kufika mjini na halianzi tena mpaka mwenyewe ashuke pwani kusalimia wazazi. Gari langu ni la kampuni nyingine, na kama lina kitu kama hicho itasema mahakama ya London, ambako kesi ya zaidi ya wamiliki milioni moja na nusu ilianza kusikilizwa Oktoba 2025. Lakini niliposoma hukumu ile ya Ulaya niliweka simu mezani nikawaza dirisha la mpwa wangu. Analiegesha chini ya chumba cha watoto, kwa sababu ndipo askari wa lango anapoweza kuliona usiku. Na alfajiri huliwasha mapema, lipate joto. Desturi hiyo kaipata kwangu.

Sasa barua ya mawakili imekuja kwangu, kwa jina langu: uliwahi kumiliki gari namba fulani, unaweza kuwa na haki ya fidia. Mimi nina haki kwa kuwa nilinunua Uingereza. Yeye aliye nalo leo, anayevuta moshi wake na mkewe na wanawe, hamo katika karatasi hizo. Nimejiandikisha, na nikilipwa nusu ni yake. Hilo nimekwisha kumwambia. Akanijibu kwa upole: "Shangazi, usijisumbue, hapa kila gari linatoa moshi." Jibu hilo limeniuma kuliko maneno ya babake. Miezi michache nyuma fundi alimshauri aling'oe chujio la masizi kwa kuwa limeziba na jipya ni ghali. Nimemsihi asikubali, nimemtumia pesa alisafishe.

Na si gari langu peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yakisafirishwa nje duniani kati ya 2015 na 2018, kama asilimia 40 yakija Afrika. Hiyo ni miaka ile ile Ulaya ilipokuwa inaanza kuyachoka magari ya dizeli.

Kwa hiyo ninayo maombi, nayasema kwa heshima. Wakubwa wetu wanaosimamia viwango na bandari waongeze mstari mmoja kwenye fomu ya ukaguzi: gari hili la dizeli liliitwa na kiwanda kurekebishwa? Lilirekebishwa? Karatasi iko wapi? Asiye nayo asipakie. Tunaweza. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kwa pamoja kushusha uchafu wa salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na mafuta yakabadilika. Na Waswahili wenzangu tulio Uingereza, tunaowatumia ndugu magari kwa mapenzi, tuulize kabla ya kupakia. Mimi sikuuliza.

Kaka, nadai kwa sababu niliuziwa jani la kijani nikaliwasha chini ya dirisha la mgonjwa, kisha nikalituma chini ya dirisha la wajukuu zako.

Juzi mpwa wangu alinipigia picha namba ya chesi, ile iliyochongwa chini ya kioo cha mbele, nikaipeleka kwa mawakili pamoja na swali moja kwa maandishi: huko liliko sasa, nani atalitengeneza? Bado hawajajibu. Wakijibu nitakuandikia tena, mhariri, useme ukurasani walichosema.

Msomaji wako,
Birmingham, Uingereza