Barua kwa Neema: chokoleti ya rangi kwa ajili ya Pasaka

Mpendwa dada Neema,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma mara mbili ili nisikujibu harakaharaka. Ulitaka kuwatengenezea watoto bamba la chokoleti lenye michoro ya rangi, la kuvunjwa vipande siku ya Pasaka. Umeyeyusha chokoleti nyeupe hadi ikawa laini kama uji, ukatia matone matatu ya rangi ya pinki, na papo hapo ikashikana ikawa donge kama udongo wa kufinyangia. Hukukosea kukoroga, wala chokoleti haikuwa mbovu. Kilichoiharibu ni maji yaliyokuwa ndani ya rangi.

Rangi nyingi za chakula zinazouzwa katika vichupa vidogo hutengenezwa kwa maji. Kwenye unga wa keki hazina shida, kwa sababu humo mna unyevu tayari. Chokoleti ni kitu kikavu hata inapotiririka. Kinachotiririka ni mafuta, yaani siagi ya kakao, na ndani ya mafuta hayo zinaelea chembe ndogo mno za sukari na maziwa makavu. Tone la maji likiingia, chembe za sukari hulowa juu juu, zikanata na kushikana zenyewe kwa zenyewe, mafuta yakasukumwa pembeni. Ndiyo maana uliona donge lenye kung'aa kwa mafuta ukingoni. Maji kidogo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko mengi, kwa hiyo siku nyingine usilitupe donge hilo. Pasha krimu au maziwa, tia kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, nalo litalegea liwe mchuzi mzito wa kumwagia keki. Ila kugandisha bamba la pipi kwa mchuzi huo haiwezekani tena.

Basi tuanze na rangi, maana mengine yote utayaweza. Tafuta rangi iliyoandikwa kuwa ni ya chokoleti, yenye asili ya mafuta, au rangi ya unga mkavu kabisa. Geuza kichupa usome viambato: ukikuta maji, gliserini au sharubati mwanzoni mwa orodha, irudishe. Rangi nzito za jeli nazo huwadanganya wengi. Zinaonekana kavu kwa sababu ya uzito wake, lakini nyingi ndani ni maji. Vanila ya maji nayo iache. Ukitaka ladha, nunua ile ya mafuta, kama ya mnanaa au ya ganda la chungwa, na matone mawili kwa bakuli yanatosha.

Ukikosa rangi za dukani, bizari ya manjano inatoa njano safi sana, kwa sababu rangi yake huyeyuka ndani ya mafuta. Tia ncha ya kisu tu, usije ukaionja. Unga wa bitiruti ni tofauti: rangi yake hupenda maji, kwa hiyo katika chokoleti hautayeyuka, utabaki vidoa vidogo vyekundu. Vidoa hivyo vinapendeza, ila usingoje pinki laini. Kwa kijani, unga wa matcha, yaani chai ya kijani iliyosagwa, ukichekechwa unafanya kazi nzuri.

Chokoleti yenyewe iko ya aina mbili, na njia ya kuifanyia kazi inategemea umenunua ipi. Nyeupe ya kweli ina siagi ya kakao. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya sheria inadai isipungue asilimia 20. Ile nyingine imetengenezwa kwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya kiini cha mbegu za michikichi, na kwa kawaida haiandikwi "chokoleti" peke yake kwenye pakiti. Hii ya pili unaiyeyusha, unaimwaga, inaganda, basi. Kwa jiko lenye joto na watoto wengi wanaosubiri ningekushauri hiyo bila kusita, ingawa mdomoni huacha utando kidogo. Ya kweli ina ladha iliyo bora zaidi na huvunjika kwa mlio mkavu, lakini inataka kipimajoto. Usizichanganye ili kubana matumizi: mafuta ya aina hizo mbili hayapatani, bamba litakuwa laini na baada ya siku chache litatanda utando wa kijivu wa mafuta. Na uwe mwangalifu na vile vitone vya kutia kwenye biskuti. Vingi vimetengenezwa ili visipoteze umbo kwenye joto, hivyo vikiyeyuka hubaki vizito na havitandazi vizuri.

Kwa trei ya sentimita 25 kwa 35 chukua gramu 600. Ukiitandaza yote utapata unene wa milimita 5 hivi, na huo ndio unene mzuri. Ukiwa chini ya milimita 3 bamba huvunjika ovyo, ukizidi 8 watoto hawawezi kuling'ata na mapambo yanaonekana machache. Gramu 300 zibaki nyeupe, gramu 100 ziwe pinki, 100 njano, 100 kijani. Mapambo yasizidi gramu 150.

Kabla hujawasha moto, tayarisha kila kitu. Trei itandikwe karatasi ya kuokea. Paka mafuta kidogo chini ya karatasi ili isiteleze. Mabakuli yafutwe kwa kitambaa kikavu, hata kama yalikauka yenyewe kabatini. Mwiko wa mbao uuache, kwani mbao hutunza unyevu. Tumia wa mpira. Mayai madogo ya chokoleti yenye ganda la sukari yatie kwenye mfuko, uyagonge kwa mti wa kusukumia unga hadi yapasuke nusunusu, kisha uyapitishe kwenye chekecheo. Usiruke hatua hiyo ya chekecheo, kwa sababu vumbi la mayai yaliyopasuka likianguka juu ya rangi zako huzitia uchafu usioondoka.

Kama umenunua ile ya kweli, katakata yote vipande vidogo. Weka gramu 450 kwenye bakuli, gramu 150 zikae pembeni. Chemsha maji kidogo sufuriani, zima moto, weka bakuli juu yake bila kugusa maji. Bakuli liwe pana kuliko sufuria, ili mvuke usipande pembeni ukaingia ndani. Koroga polepole hadi kipimajoto kisome nyuzi 42 mpaka 45 za Selsiasi, usipite hapo. Nyeupe ina maziwa mengi na huungua kwa joto ambalo nyeusi ingelivumilia. Ikipita nyuzi 50 inaanza kuwa na chengachenga. Ukitumia maikrowevu, iweke kwenye nguvu ya nusu, sekunde 30 mara ya kwanza, kisha 15, 15, ukikoroga kila mara. Usiamini macho hapo: chokoleti iliyokwisha kuyeyuka husimama na umbo lake la kipande mpaka uiguse kwa mwiko.

Ukiinua bakuli, futa tako lake mara moja. Matone yaliyo chini yatakudondokea kwenye trei.

Sasa tia zile gramu 150, kidogo kidogo, ukikoroga bila kuacha. Vipande hivi havijayeyushwa, na mafuta yake yameganda kwa mpangilio mzuri. Vinapoyeyuka polepole huyafundisha mafuta mengine kuganda vivyo hivyo. Koroga hadi joto lishuke kufikia nyuzi 27. Utaona chokoleti inabadilika: mwanzoni ilidondoka mwikoni kama mafuta na kupotea ndani ya bakuli, sasa inaanguka kama utepe na alama yake inabaki juu kwa sekunde moja mbili kabla ya kuzama. Irudishe juu ya sufuria kwa sekunde chache tu, ifike nyuzi 28 au 29, uiondoe. Chovya ncha ya kisu, kiweke mezani. Baada ya dakika 5 iwe imeganda, inang'aa na haina michirizi. Ikibaki laini au na mistari ya kijivu, ipashe tena hadi nyuzi 42 uanze upya ukiwa na vipande vingine vichache. Haijaharibika.

Gawanya mara moja. Mabakuli ya rangi yawe na uvuguvugu, kwani bakuli baridi litaigandisha ukutani kabla hujaikoroga. Rangi ya unga usiimwage yote juu. Chota kijiko kimoja cha chokoleti, changanya na unga huo hadi usione chembe, ndipo urudishe kwenye bakuli. Anza na moja ya nane ya kijiko cha chai kwa gramu 100. Kwa rangi ya mafuta, matone manne. Acha dakika mbili kabla ya kuongeza, maana rangi hukolea ikikaa. Ukizidisha ile ya mafuta bamba litakuwa teketeke.

Kumbuka pia kwamba nyeupe hii si nyeupe, ina umanjano wa siagi. Bluu ukiitia humo itaelekea kijani, na zambarau itafifia kuwa kijivu. Ndiyo sababu nimekupa pinki, njano na kijani, ambazo umanjano haupigani nazo. Ukiitaka bluu kwa nguvu zote, chagua chokoleti iliyopauka kuliko zote na utie rangi nyingi kidogo.

Mwaga nyeupe kwanza, itandaze kwa mwiko. Usingoje igande. Tabaka lililoganda kabisa halishikani na la juu yake, na siku ya kuvunja yataachana kama kurasa mbili. Rangi zimwage kwa kijiko katika matone makubwa, pinki na kijani zisikae jirani, njano iwe katikati yao. Pinki na kijani zikivutwa pamoja hutoa rangi ya matope. Kila moja na njano hutoa kitu kizuri. Shika kijiti cha meno, kizamishe nusu, kivute kwa mizunguko mipana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mara tatu au nne, kisha uache. Mkono utatamani kuendelea, na mvuto wa sita ndio unaogeuza michoro kuwa rangi moja. Gonga trei mezani mara mbili ili mapovu yatoke na uso ulale.

Mapambo yanataka haraka. Una dakika tatu nne kabla ngozi haijatanda juu. Anza na vipande vikubwa, uvibonyeze kidogo vizame theluthi moja, kisha chembe za sukari za rangi mwisho, ukizinyunyiza kutoka juu kiasi cha sentimita 30 ili zisijikusanye mahali pamoja. Nazi kavu, biskuti zilizovunjwa na zabibu kavu zinafaa. Tunda bichi hapana, hata kipande kimoja, kwa sababu ile ile ya maji.

Chumba kikiwa na nyuzi 18 hadi 20, acha mezani saa moja. Kikiwa na joto, friji dakika 15 hadi 20, si zaidi, na friza usiiguse. Bamba lililopoa mno hukusanya unyevu wa hewa ukilitoa. Unyevu huyeyusha sukari ya juu, ukikauka unaacha uso wenye mchanga mweupe. Litoe, liache dakika 10, ndipo ulivunje kwa mikono. Ukitaka vipande vyenye pembe sawa, chovya kisu kwenye maji moto, kifute kikauke kabisa, ukate kwa kukandamiza, si kwa kukereza.

Umeniambia kuna watoto wadogo. Kwa walio chini ya miaka mitano usiweke mayai mazima wala njugu nzima, yanaweza kuziba koo. Vunja vipande vidogo kabisa. Ukiweka njugu, waambie wazazi kabla, na uwakumbushe kuwa chokoleti nyeupe ina maziwa na mara nyingi lesithini, kiambato kinachotokana na soya.

Itengeneze hata Jumatano ya Juma Kuu, haitaharibika. Chombo kinachofunga vizuri, karatasi kati ya tabaka, mahali penye giza na ubaridi, itakaa wiki mbili. Kitakachokwisha kwanza ni biskuti, zitapoteza ukavu wake kabla ya chokoleti kubadilika. Ikibidi iingie friji, ifunge kwanza, na siku ya kuila kiache chombo kikiwa kimefungwa mezani kwa saa moja, ndipo ukifungue.

Rangi ile ya maji uliyonayo itunze kwa keki. Na ukipata nyingine, kabla hujaifungua nitumie picha ya orodha ya viambato vyake, nitakujibu siku hiyo hiyo.

Nisalimie wote nyumbani.

Dada yako akupendaye,
Eliza