Lile faili lako lisilofika

Sinza, Dar es Salaam

Swahiba,

Habari za Mwanza? Sisi huku wazima, ila joto halina adabu. Picha ya kioo cha kompyuta yako, pale ripoti.zip ilipogoma kwenda kwenye seva (ile kompyuta ya mbali), nimeipata, nikaikuza mpaka maandishi yakasomeka. Usifute kitu, wala usimsikilize huyo jamaa wa ofisini kwenu anayetaka kusafisha mashine nzima. Hakuna kilichoharibika.

Tazama mwanzo wa mstari, kabla ya alama ya dola. Jina lililopo pale ni la seva, si la laptopu yako. Ulishaingia kwa ssh, amri ya kufanyia kazi ndani ya kompyuta ya mbali, kisha ukiwa humo humo ukaandika scp, amri ya kunakili faili kati ya kompyuta mbili. Seva ikalitafuta faili kwenye diski yake yenyewe, ikajibu "No such file or directory". Imesema kweli, faili si liko kwako? Andika exit, urudi kwenye laptopu, halafu (jina ni jina lako la mtumiaji, seva ni anwani yake):

scp ripoti.zip jina@seva:/home/jina/

Hata siku ya kuchukua faili kutoka huko, amri iandike ukiwa kwenye laptopu. Seva ina anwani inayojulikana. Wewe umejificha nyuma ya ruta ya nyumbani, itakupataje?

Nukta mbili baada ya jina la seva usiiache. Ukiandika jina@seva tupu, scp inanakili faili papo hapo ulipo, inaipa nakala hiyo jina la "jina@seva", na hailalamiki. Kati ya matatizo yote, hili ndilo linaloniudhi, maana mtu anafunga kompyuta akijua kazi imekwisha.

Ukikwama tena, soma jibu kwanza. "Connection timed out" ni hodi isiyojibiwa: anwani si yenyewe, au kuna kizuizi njiani. "Connection refused" maana yake nyumba umeifikia ila mlango huo hauna mtu. Pengine ssh haijawashwa, au wameihamisha kutoka poti 22, mlango wake wa kawaida. Hapo kuna mtego wa kijinga kabisa: kwa ssh poti inatajwa kwa -p ndogo, kwa scp ni -P kubwa. Ukiweka ndogo, tuseme -p 2222, scp itadhani 2222 ni jina la faili. "Permission denied" yenye neno publickey, wamekusikia lakini hawakutambui; kagua jina la mtumiaji na ufunguo wako wa ssh, lile faili linalokutambulisha. Lakini ikitaja folda, umeshaingia ndani, ila folda hiyo huna ruhusa ya kuiandikia. Weka faili kwenye folda yako mwenyewe, uhamishe baadaye.

Zile video za harusi usizipeleke kwa scp. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, unaanza moja. Tumia rsync -avP, programu nyingine ya kunakili faili, mradi iwe imewekwa kote kuwili. Ukirudia amri ile ile inaendelea kutoka ilipoishia. Angalia mkwaju (/) wa mwisho wa jina la folda tu: picha/ hupeleka vilivyomo, picha hupeleka folda yenyewe. Ongeza -n kwanza, ikuonyeshe itakachofanya bila kukifanya.

Kabla ya kufuta asili, endesha sha256sum, amri inayokokotoa namba ya kutambulisha yaliyomo, kwenye faili la huku na la kule, namba zilingane.

Ikigoma bado, weka -v kwenye amri ili ieleze kila hatua, unitumie maandishi yote yatakayotoka. Nakili maandishi yenyewe, tafadhali, picha zinaniumiza macho. Shemeji msalimie.

Wako,
Swahiba wa Sinza