Maveterani wa makasia nao wapewe asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee ile makala yenu ya mazoezi kwa watu wazima, ile iliyosema mtu akishafika 60 basi atembeetembee jioni inatosha, mambo mengine awaachie vijana. Mi nina miaka 63, na kila Jumanne na Jumamosi kabla jua halijatoka vizuri niko mtoni, katikati ya jiji, nimeshika makasia mawili kwenye boti ya watu wanne pamoja na wenzangu wa klabu ya maveterani, yaani wapiga makasia watu wazima. Nilianza nikiwa na 58, na kabla ya hapo sikuwahi kupiga kasia hata siku moja. Kwahiyo ile makala imenigusa, maana najua kuna mtu mahali ameisoma, akakunja gazeti, akasema basi, mimi ndo nimeshaisha.

Kutembea ni kuzuri, sibishi. Lakini Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 halikuishia kwenye kutembea, linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki na misuli nayo ipewe kazi siku 2 au zaidi, alafu kwa wenye 65 kwenda juu likaongeza mazoezi ya nguvu na ya kuufanya mwili usiyumbe, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili watu wasianguke hovyo. Sasa makasia yanafanya mengi ya hayo kwa mkupuo mmoja. Watu wanadhani ni mchezo wa mikono, siyo kabisa, kiti chenyewe kina magurudumu kinateleza kwenye reli, unakunja magoti unajisogeza, unatia mabapa ya makasia, zile ncha pana, majini, alafu unasukuma kwa miguu, mwili unafuata, mikono ndo inamalizia. Mwalimu wetu alituimbisha hivyo wiki 3 nzima tukiwa kwenye mashine ndani ya banda kabla hatujagusa maji: miguu, mwili, mikono, na wakati wa kurudi mikono, mwili, miguu. Goti halipigwi na ardhi kama kwenye kukimbia. Mgongo ndo wa kuangalia, ukivuta umejikunja kama ndoano utaumia, na mwenye presha au matatizo ya moyo aanzie kwa daktari na asibane pumzi wakati wa kuvuta, hilo nalisema kwa mkazo.

Na tusichanganye kasia na kafi. Kafi unalishika mkononi, halijafungwa popote, na unatazama unakoenda. Kasia linakaa kwenye chuma kilichotoka ubavuni mwa boti na wewe umeipa omo, yaani mbele ya boti, mgongo, unaona ulikotoka tu. Yaani unajikabidhi kwa mtu. Kwetu anayeshika usukani ni binti mwanafunzi, anakaa tezi, yaani nyuma ya boti, anatuangalia usoni, anatuita wazee wangu, lakini akisema simama, hata yule mzee wetu wa miaka 78 anasimamisha makasia palepale, hakuna kujadiliana. Anayekaa uso kwa uso na huyo binti ni mama mmoja wa miaka 71, ndo anayetupa mwendo, sisi watatu nyuma yake tunafuata mabega yake. Mimi ndo ninayemfuatia nyuma yake, nimeyakariri yale mabega, najua la kulia huwa linachelewa kidogo asubuhi mpaka damu ichemke.

Kuna wakati, na hauji kila siku, mabapa yote manane yanaingia majini kwa sauti moja tu, boti inanyanyuka kidogo, na katikati ya vuto moja na jingine, pale kila mtu anaporudi taratibu kwenye reli yake, unasikia vipovu vinakimbia chini ya boti, vinapita chini ya miguu yako kuelekea tezi. Siku niliyoisikia hiyo sauti mara ya kwanza yule mama hakugeuka, alisema tu "hiyo hapo, mmeisikia?" Ilikua miezi 14 tangu nimzike mke wangu, na ndo asubuhi ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa na njaa.

Neno veterani nalo lisiwatishe watu. Kwenye kanuni za World Rowing, shirikisho la makasia la dunia, unaingia kundi la maveterani mwaka unaotimiza 27, ndiyo, 27, hilo ni kundi A, alafu 36 ni B, 43 ni C, 50 ni D, yanapanda hivyohivyo, mimi na 63 zangu niko F inayoanzia 60, na wa 80 wana kundi lao pia. Boti ya watu wengi inahesabiwa kwa wastani wa umri wa wapiga makasia, na mbio zao ni mita 1000, siyo 2000 kama za Olimpiki. Ila wengi wetu hata hizo hatushindani. Vijana wa mashindano wanavuta mara 36 na zaidi kwa dakika, sisi 18 au 20, tunaanza kwa kupanda mto tukiwa bado na nguvu ili wakati wa kurudi mkondo utusaidie, tunapumzika pale mto unapopanuka, tunapeana habari za wajukuu na za nani kalazwa, tunageuza.

Na hilo la kutoshindana ndo linalotuponza, na ndo sababu hasa ya barua hii.

Kabla ya hapa nilipo nilikua klabu nyingine, sitaitaja. Walitupokea vizuri, ada wakachukua, alafu ratiba ilipotoka tukakuta maveterani wote tumewekwa saa 8 mchana, tukaambiwa asubuhi ni ya wanaojiandaa na mashindano, nyie si mnakuja kupunga upepo tu. Asiyeujua mto wa jiji ataona saa ni saa, kuna shida gani. Shida ni kwamba asubuhi maji yamelala, jua likishapasha ardhi upepo unaamka, na boti za injini zinakua zimeanza kazi, za kubeba watu, za mizigo, za matembezi. Alafu mto ukiwa kwenye kingo zake za udongo na matete wimbi likifika linafia pale, lakini mjini kingo ni kuta za mawe na zege, wimbi linagonga ukuta linarudi, linakutana na jingine linalokuja, boti imeshapita zamani na maji bado yanacheza. Kwenye nguzo za madaraja ndo mbaya zaidi, maji yanabanwa yanaongeza kasi na upande wa pili yanazunguka. Kwahiyo saa ngumu kuliko zote wamepewa watu wenye mifupa ya miaka 60 na 70, wengine ndo wanajifunza, na saa laini wamepewa vijana wanaoweza kupiga kasia kwenye hali yoyote.

Mchana mmoja boti ya matembezi ilitupita karibu sana bila kupunguza mwendo. Utaratibu tulikua tunaujua, unasimama, unaigeuza boti ilale sambamba na mawimbi, mabapa unayalaza juu ya maji ili boti isipinduke. Hatukuwahi. Wimbi la pili lilidaka bapa langu la kushoto likalivuta chini, mpini ukarudi ukanipiga chini ya mbavu, nikakosa pumzi kabisa, maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mwenzangu wa mbele, mzee mwenye nyonga ya bandia, anang'ang'ania ubavu wa boti midomo imekauka. Tulifika gatini salama. Yule mzee hakurudi tena, wiki hiyo wala mwezi huo, nilimpigia simu akasema anatembea siku hizi, daktari amemwambia kutembea kunatosha. Roho iliniuma, maana alikua anaupenda mto kuliko sisi wote.

Nataka waendesha klabu walielewe hili vizuri. Veterani anayekuja kwa ajili ya afya na wenzake ni mwanachama kamili, analipa ada ileile, anabeba boti begani kama wengine, anaosha, anafagia banda. Siombi tupewe asubuhi zote. Asubuhi 2 kwa wiki zinatosha, na boti pana iliyotulia, siyo ile iliyobaki baada ya vijana kuchagua, ile yenye kiti kinachokwama katikati ya reli. Pale nilipo sasa walikaa chini wakagawana, Jumanne na Jumamosi za kwetu, siku zilizobaki za vijana, na hao vijana wenyewe ndo wanaokuja kutushikia usukani.

Na wanaodhani kupiga makasia bila kushindana siyo jambo la maana wakaangalie Venice kule Italia, karibu kila mwaka tangu 1975 wana siku inaitwa Vogalonga, kilomita kama 30, maelfu ya watu kwenye kila aina ya chombo kinachokwenda kwa makasia au makafi, hakuna mshindi. Na ilianzishwa kwa kitu hikihiki ninacholalamikia, watu wa pale walichoshwa na mawimbi ya boti za injini yanavyokula misingi ya nyumba zao, wakaamua kuingia majini wote kwa pamoja waonekane. Kwahiyo hata wenye mamlaka ya mto wananisikia hapa, kikomo cha mwendo kwa boti za injini kiwepo na kisimamiwe, mahali makasia yanapopita.

Kuhusu usalama sitaki nimdanganye mtu, mto wa jiji siyo bwawa la kuogelea. Sisi kila anayeingia klabu anapinduliwa kwanza makusudi kwenye bwawa, ajue kuchomoa miguu kwenye vile viatu vilivyofungwa ndani ya boti (visigino vina kamba fupi ili mguu utoke wenyewe), na ajue kwamba boti ikipinduka inaelea, unaishika huiachi, hata kama ukingo unauona uko karibu. Jaketi okozi tunavaa wote. Mvua kubwa ikinyesha hatuingii, mto unaleta magogo yaliyozama nusu na unaleta uchafu wa mitaro, na hapo kuna homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, vijidudu vinapita kwenye michubuko. Na mpiga kasia mgeni viganja vyake ni malengelenge matupu. Kwahiyo tunafunga vidonda kwa plasta isiyopitisha maji, tunanawa kwa sabuni tukitoka, na mtu akipata homa na maumivu ya misuli baada ya siku kadhaa anamwambia daktari wazi kwamba anapiga makasia mtoni, maana bila hivyo inaweza kudhaniwa ni malaria.

Mhariri, nakuomba mtoe makala nyingine. Mtume mwandishi aje alfajiri kwenye klabu yoyote yenye maveterani, asikae ukingoni na kamera, akae kwenye boti. Na yule mzee mwenye nyonga ya bandia, kama bado anasoma gazeti hili, kiti namba 2 (tunahesabu kuanzia omo, kwahiyo ni cha nyuma yangu) kiko wazi tangu mwezi uliopita, mwenzetu amehamia kwa mwanae. Tunaondoka gatini saa 12 na robo, maji yanakua yametulia kabisa saa hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Mstaafu, kiti namba 3