Simu ya mwalimu nayo ni kipindi

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya kufundisha kwa mbali, hoja hukimbilia vifaa: kompyuta ngapi, intaneti ya kasi gani, programu ipi. Sibishi. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuwa na namna ya kupata masomo wakiwa nyumbani, si kwa intaneti, si kwa redio, si kwa televisheni. Lakini hata palipo na vifaa, kuna jambo linalopuuzwa, nalo ni ratiba ya mwalimu.

Shule nyingi huihamishia ratiba ya darasani kwenye skrini kama ilivyo, kipindi kwa kipindi. Mwalimu akikaa dakika 40 mbele ya kamera, anahesabiwa kuwa amefanya kazi. Akizitumia dakika hizohizo kumtafuta mwanafunzi ambaye hajaonekana wiki nzima, kuzungumza na mlezi wake, kisha kumtumia mwingine ujumbe wa sauti kumweleza alipoteleza kwenye hesabu, hilo haliandikwi popote. Linabaki hisani yake: alifanye usiku, kwa bando lake.

Darasani mwalimu hupata habari bila kuuliza. Anamwona aliyenuna, anayesinzia, anayenakili kwa jirani, anayetikisa kichwa kuitikia huku hajaelewa. Kwenye skrini anabaki na majina juu ya miraba myeusi. Wako wanaosema dawa ni kulazimisha kila mmoja awashe kamera. Mimi sikubaliani nao. Kuna mtoto anayeonea haya chumba anachosomea na wadogo zake, na kuna ambaye bando halimtoshi: kipindi cha video cha saa moja huweza kula mamia ya megabaiti, ilhali ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa kawaida haufiki hata megabaiti 1. Habari ambazo zamani zilikuja zenyewe sasa zinatafutwa, na kuzitafuta ni kazi.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1937, polio ilipochelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago, masomo yalirushwa redioni, magazeti yakachapisha ratiba na maelekezo, na ikawekwa simu ya kupokea maswali ya wazazi. Kule Australia, shule ya redio ya Alice Springs ilianza mwaka 1951 kwa matangazo ya upande mmoja, lakini haikuchukua muda ikaongeza nafasi ya maswali na majibu mwishoni mwa somo. Sisi tulio na simu mkononi tunarudi kuhutubia.

Nilichojifunza nikiwapigia simu wanafunzi ni kwamba swali la kwanza huamua mengi. Ukianza na "mbona hujaleta kazi?", mtoto atakuambia mtandao ulikatika, na hapo mazungumzo yamekwisha. Ukianza na habari za nyumbani, ukauliza ni saa ngapi anaipata simu ya mzazi, mara nyingi tatizo linajitokeza lenyewe, na mara nyingi si la somo. Jambo jingine: wanafunzi wakimya, wale wasionyoosha mkono hata darasani, huuliza maswali mazuri ajabu wanapoandika faraghani. Hao ndio ningependa nisiwapoteze tunaporudi shuleni.

Mipaka lazima iwepo. Mawasiliano na watoto yapitie kwa mzazi au mlezi, au kwenye mfumo ambao uongozi wa shule unaweza kuuona, na yawe na saa zake. Mwalimu anayejibu ujumbe saa 5 usiku atachoka, kisha ataanza kuwakwepa haohao anaotaka kuwasaidia.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wanaopanga ratiba ni hili: masomo yakihamia nyumbani, punguzeni vipindi vya moja kwa moja, hata theluthi moja, na saa hizo ziandikwe kwenye ratiba kuwa za kuwasiliana na wanafunzi mmoja mmoja na kusahihisha kazi kwa maelezo, si kwa alama ya vema tu. Bando na muda wa maongezi vigharimiwe na shule. Na daftari la mahudhurio lioneshe nani amezungumza na mwalimu wiki hii, si nani tu jina lake lilitokea kwenye skrini.

Mwalimu wa sekondari