Barua kwa Zuhura, kuhusu miwani ya Raya

Wete, Pemba

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku wazima, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu haya ya Khamis, mtoto wa kaka yangu, kwa simu hayamaliziki, na yanamgusa ndugu yake Raya.

Siku ile alipoanguka tulikuwa ukumbini tunachambua karafuu, kakaa kwenye jamvi mbele yangu. Mara konzi ya karafuu ikamwagika, mkono wa kulia haushiki. Akataka kuniita, mdomo ukaenda upande. Miaka 24, Zuhura! Watu wakasema kapigwa na upepo, tukapoteza siku mbili nyumbani. Siku mbili hizo zinaniuma hadi leo.

Hospitali wakapima presha, sukari, moyo. Vyote sawa. Daktari mmoja hakutosheka, akaanza kuuliza mambo ambayo sikuona yanahusu nini. Khamis hutoka jasho? Utotoni nyayo zilimuwaka moto? Kumbe kuna ugonjwa wa Fabry, unajulikana tangu 1898, mafuta hujikusanya kwenye mishipa na kuleta kiharusi kwa vijana. Mama yake ana sukari, au hasikii vizuri? Nayo yapo, maradhi ya seli kushindwa kutengeneza nguvu, mtoto huyapata kwa mama tu. Yote nikajibu hapana. Kisha akamvua miwani.

Ile miwani mizito unaijua. Akamulika, akaona lenzi ya jicho imeteremka chini. Akatazama vidole vyake virefu, na kimo kile tulichokuwa tukimsifia. Akauliza kama wazazi wana udugu. Nikamwambia, mtu na binti ami yake.

Homosistinuria, ndio jina la ugonjwa wake. Samaki, nyama na mayai vina methionini, kijenzi cha protini. Mwilini mwa Khamis kimeng'enya cha kuimaliza hakifanyi kazi, basi homosisteini inayotokana nayo inajaa kwenye damu, inaharibu kuta za mishipa, damu inaganda. Kipimo kikathibitisha. Sasa anakunywa vitamini B6 kwa dozi kubwa, na asidi foliki. B6 haimsaidii kila mgonjwa, ni kama nusu yao tu, lakini yeye kiwango cha homosisteini kimeshuka. Jana kafunga vifungo vya shati mwenyewe, nikamtazama kifungo kwa kifungo mpaka cha shingoni.

Sasa Raya, uliye naye hapo Unguja. Baba mmoja, mama mmoja, na miwani ileile. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, basi kila mtoto wao alizaliwa na uwezekano wa moja kwa nne wa kuwa nao. Nakuomba, shoga yangu, usingoje likizo. Mpeleke kwa daktari wa macho amtazame lenzi, kisha apimwe homosisteini, na habari ya kaka yake isemwe yote. Akitakiwa kupasuliwa, au akipewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, aseme kwanza, kwani damu yake yaweza kuganda.

Usimtishe. Mwambie shangazi ndiye aliyetaka.

Majibu ya Khamis nimeyatoa kopi, yanakuja na boti ya Jumamosi. Mpe daktari ayasome.

Wako,
Asha