Mita 60 hazifiki shimoni: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bonde la Ziwa Tanganyika

Kwa Mkurugenzi,
Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika,
Kigoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUPIMA KAMA MAJI YA SHIMONI NDIYO MAJI YA CHEMCHEMI

Salamu kutoka Uvinza. Naandika nikiwa mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, na naandika hadharani kwa sababu penye miamba ya chokaa popote mkoani kwetu jambo hili linaweza kuwapo.

Chemchemi tunayokunywa imezungushiwa vigingi vya zege, mita 60 kila upande, kipimo kile kile cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kazi ilifanyika vizuri. Ng'ombe hawaingii, hakuna anayelima, miti imeanza kurudi. Ila maji yenyewe hayaanzii hapo. Yanatoka kwenye ufa wa mwamba yakiwa tayari kijito. Mvua kubwa ikinyesha ng'ambo ya mlima, huku kwetu jua likiwaka, kabla ya jioni yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yaliyochujwa taratibu na udongo hayana tabia hiyo.

Huko ng'ambo kuna kibonde kisicho na mto unaotoka. Kijito kinashuka, kinafika chini ya jabali, kinaingia shimoni, basi. Wakati wa mvua maji yanazunguka mdomoni mwa shimo yakivuta mabua, chupa za plastiki na kandambili zilizokatika. Kiangazi shimo ni jalala. Wanaokamua mawese humwaga humo makapi na maji machafu, maana ni karibu na uchafu haurudi. Haurudi kwao. Mvua za kwanza za msimu uliopita, akina mama waliochota alfajiri walikuta utando mwekundu juu ya ndoo, na mmoja wao akaninyooshea kidole nikinuse. Mawese kabisa. Upande wetu wa mlima hakuna anayekamua.

Najua huo si ushahidi wa kutosha. Mafuta yangeweza kuwa ya ndoo yenyewe. Ndoo za kwetu zinabeba kila kitu. Ndiyo maana naomba kipimo.

Wenzetu walishapita njia hii zamani. Mwaka 1872 kijiji cha Lausen, Uswisi, kilipigwa na homa ya matumbo, na waliougua wengi walikuwa wanakunywa chemchemi moja. Ng'ambo ya mlima palikuwa na shamba lenye wagonjwa, na kijito cha huko kilikuwa kinazama ardhini. Daktari Hägler aliamuru chumvi imwagwe kwenye shimo. Chemchemi ya Lausen ikawa na chumvi. Kisha ukamwagwa unga. Unga haukutokea. Nalirudia hili kila kikao cha kamati, maana watu wetu wanaamini maji maangavu ni maji salama. Pale Lausen mwamba ulizuia unga lakini ugonjwa ukapita.

Kisa cha pili kinahusu mipaka ya mabonde, kwa hiyo kinaihusu ofisi yako moja kwa moja. Mto Danube, kule Ujerumani, huzama kwenye miamba ya chokaa karibu na Immendingen, na kiangazi hukauka kabisa kwa kipande fulani. Mwaka 1877 mwanasayansi Adolf Knop alimwaga humo, kwa nyakati tofauti, mafuta ya mawe kilo 1,200, chumvi tani 20, na rangi ya uranini (aina ya fluoresini, rangi ya kufuatilia maji) kilo 10. Saa kama 60 baada ya rangi kumwagwa, chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12 hivi, ilianza kutoa maji ya kijani kibichi. Sasa Danube unaelekea Bahari Nyeusi, na maji ya Aach yanaingia mto Rhine hadi Bahari ya Kaskazini. Yaani maji yalivuka kutoka bonde moja kwenda jingine chini ya kilima, wakati ramani zote zinachora mpaka juu yake. Majimbo ya Württemberg na Baden yalifikishana mahakamani mwaka 1927 kwa sababu hiyo. Mtu aliyekaa juu akiangalia miinuko asingeweza kujua.

Kwetu je? Wanajiolojia wameipa miamba ya dolomiti, ndugu wa chokaa, ya mkoa huu jina la Ilagala, kijiji kinachojulikana. Mvua ikichanganyika na hewa ya ukaa ya udongoni inakuwa tindikali dhaifu, inakula mwamba kwenye nyufa polepole, na baada ya maelfu ya miaka ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango. Na kwamba maji husafiri chini kwa chini na kutokea na vitu vya huko, Uvinza haihitaji kufundishwa. Chumvi tunayoijua ilitoka kwenye chemchemi za karibu na mto Ruchugi, na watu wamekuwa wakiichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Chumvi hiyo hiyo inaweza kutusaidia. Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, na ipo mita ndogo ya mkononi inayosoma mabadiliko ambayo ulimi hauyasikii. Inayeyushwa chumvi kwa kiasi kitakachokokotolewa na wataalamu wako, inamwagwa shimoni kijito kikiwa kinatiririka, kisha chemchemi inasomwa mchana na usiku. Mkiwa na rangi ya fluoresini ni bora zaidi. Ni ile ile wanayotumia madaktari wa macho, na kwa kiasi kidogo haina madhara. Pamoja nayo huwekwa vifuko vya mkaa maalumu kwenye kila chemchemi ya jirani, vinase rangi hata kama jicho halioni. Naomba kila chemchemi, si yetu peke yake, kwa sababu shimo moja linaweza kulisha kadhaa, na mvua zikizidi maji hufungua njia ambazo kiangazi yanaziruka. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitatosha.

Kuingia pangoni ni suala jingine. Vijana wetu wanatamani, na nimewakatalia. Mvua ya mbali inaweza kujaza njia wakiwa ndani. Popo wala matunda wanaoishi mapangoni ndio wanaojulikana kubeba virusi vya Marburg, ugonjwa uliothibitishwa Kagera, majirani zetu, mwaka 2023. Pango lichorwe ramani na watu wenye mafunzo, kamba na vifaa vya kujikinga. Rangi na chumvi havihitaji mtu kuingia.

Ikithibitika kwamba shimo na chemchemi ni maji yale yale, naomba uanzishe taratibu za kulitenga shimo pamoja na kibonde chake kama eneo la hifadhi ya chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inampa Waziri uwezo huo. Wakamuaji wa mawese wasifukuzwe. Watafutiwe pa kumwaga, mbali na kijito, na kikao cha vijiji viwili kiitishwe. Sisi tukienda peke yetu tutaonekana tumekwenda kugombana. Na ikithibitika havina uhusiano, nitatangaza mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji.

Mwezi Mei 2000, mji wa Walkerton, Kanada, samadi iliingia kwenye kisima kilichochimbwa katika mwamba wa chokaa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Huo ni mji wenye maabara. Sisi tuna zahanati.

Mvua huku huanza kuelekea Novemba. Mita ikitufikia mapema tutaanza kuandika namba za kawaida za chemchemi kila asubuhi na jioni, maana usipojua kawaida yake hutajua kilichoongezeka. Wanafunzi wa kidato cha nne wamekubali kupokezana zamu, na daftari limeshanunuliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe, Kamati ya Maji ya Kijiji,
Wilaya ya Uvinza.

Nakala: Wenyeviti wa vijiji vyote viwili.