Mtafuteni mzee wenu kupitia waliosimama naye

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wasomaji wanaotafuta habari za wazee wao, maana naona wengi wanakata tamaa mapema mno. Mtu anaandika jina la baba wa babu yake kwenye intaneti, halioni, basi anasema mzee hakuacha kitu. Jamani, mtu wa kawaida utamkuta pembeni ya karatasi za wenzake, shahidi wa ndoa ya jirani, mdhamini wa deni, jina la nane kwenye daftari la mishahara.

Mi nimemtafuta wangu miaka sita. Nyumbani tulikuwa na jina lake tu na maneno ya bibi kwamba alikuwa seremala, na kidole cha shahada mkono wa kushoto hana. Bibi alishalisema hilo mara nyingi na hakuna aliyeandika, mi nikaliandika mwaka wake wa mwisho. Baadaye nikamkuta mzee kwenye daftari la ndoa, Yohana imekuwa Johana, jina la baba yake limepungua herufi mbili, karani kaandika alivyosikia. Chini kuna alama ya dole gumba, wino umesambaa, na pembeni jina la shahidi ambaye kwenye ukoo wetu hakuna anayemjua.

Huyo shahidi nikampita tu. Nilimpuuza miaka miwili nikihangaika na umri wa mzee, na umri unaoandikwa kwenye karatasi za zamani wenyewe wa kukadiria, ndo maana wengi wana 30, 40 au 50 kamili.

Kilichonizindua ni kusoma jinsi Wamarekani weusi wanavyotafuta. Sensa za 1850 na 1860 kule ziliorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi, jina linaloonekana ni la mmiliki, wengi majina yao yanaanza kuonekana sensa ya 1870. Kurudi nyuma zaidi ya hapo inabidi wafuate wosia na hati za mauzo za aliyewamiliki, yani mtu anamsoma bibi yake kwenye orodha moja na ng'ombe, inauma sana, lakini ndo njia iliyopo. Na bado sensa ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921. Kama wao hawajakata tamaa, mimi mwenye jina na dole gumba nakata tamaa ya nini?

Nikarudi kwa shahidi. Nikauliza wazee wa pale, nikaelekezwa kwa wajukuu zake, wakanikaribisha vizuri na kunitolea boksi la picha. Wanaume wawili wamesimama mbele ya mlango ambao haujapakwa rangi, mmoja kashika randa, mkono wa kushoto kauweka juu ya ubao, na kidole cha shahada hakipo. Nililia mbele za watu.

Ndugu zangu kadhaa walitaka tuandike kwamba alikuwa mtu mkubwa, nimekataa, alikuwa seremala na mlango ule kautengeneza yeye. Kwa hiyo wasomaji, mkipata karatasi msikimbilie jina lenu, someni na majina ya pembeni, na picha igeuzeni. Yetu nyuma ina majina mawili kwa penseli, lake limekosewa tena, na tumeliacha hivyohivyo.

Kitukuu wa seremala